Joseph Plateau, kipofu aliyeifungulia njia sinema

Atazamaye filamu huona mwendo usiokatika, ilhali machoni pake hupita picha tuli, kwa kawaida 24 kila sekunde. Miongoni mwa waliotangulia kuichunguza siri hiyo kwa vipimo ni Mbelgiji Joseph Plateau, ambaye mwenyewe aliishia gizani.

Plateau alizaliwa Brussels mwaka 1801 na kubaki yatima akiwa na umri wa miaka 14. Mwaka 1829 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Liège kwa utafiti kuhusu muda ambao taswira husalia jichoni baada ya kitu chenyewe kutoweka. Alikadiria muda huo kuwa takriban theluthi moja ya sekunde.

Mwaka 1832 alibuni kisahani chenye michoro 16 ya mcheza dansi na matundu membamba. Kilipozungushwa mbele ya kioo na kutazamwa kupitia matundu hayo, mchezaji alizunguka kana kwamba yu hai. Kila tundu lilionyesha mchoro kwa kitambo kifupi mno, kisha giza likaficha badiliko. Pasipo giza hilo, michoro ingechanganyika ikawa ukungu. Wakati huo huo, Simon Stampfer wa Vienna alibuni chombo kama hicho pasipo kushirikiana naye.

Katika majaribio yake, Plateau aliwahi kulikazia jua macho kwa sekunde 25 hivi. Alipopofuka kabisa katika miaka ya 1840, aliamini kuwa jua ndilo lililomponza, ingawa wataalamu wa baadaye wamehusisha upofu huo na maradhi ya macho. Hata hivyo, hakuiacha kazi. Akiwa profesa mjini Ghent, alielekeza majaribio, nao jamaa zake wakawa macho yake. Kitabu chake kuhusu utando wa povu la sabuni kilichapishwa mwaka 1873.

Alifariki dunia mwaka 1883, miaka 12 kabla ya ndugu Lumière kuonyesha filamu mbele ya umma mjini Paris. Baadaye, mwaka 1912, Max Wertheimer alionyesha kuwa hisia ya mwendo haielezeki kwa taswira kubaki jichoni pekee, bali hujengwa na ubongo. Lakini giza la Plateau lilidumu: mitambo ya sinema ilikatiza mwanga mara mbili au tatu kwa kila picha, ili mtazamaji asione mmemeto.