Mtu Aliyetia Upepo Katika Gurudumu

Kila mtu wa Tabora aijua baisikeli. Huiona sokoni imebeba magunia ya mkaa, huiona njiani ikitoka porini na madumu ya asali, tena huiona siku ya sikukuu imepambwa kama bibi arusi. Ina kengele ing'aayo, ina taa ya dinamo, ina kioo cha kutazamia nyuma na karia imara ya kuchukulia mzigo. Mwenyewe huisifu mbele ya wenziwe kwa mapambo hayo. Lakini katika vitu vyote vilivyoongezwa katika baisikeli tangu ilipobuniwa, hakuna kilichoigeuza zaidi kuliko kitu kimoja kisichoonekana kwa macho, nacho ni upepo ulio ndani ya mipira yake. Habari hizi ni za maisha ya John Boyd Dunlop, aliyeutia upepo huo.

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, nchi ya Uskoti. Jamaa zake walikuwa wakulima. Alipokua alisoma uganga wa wanyama katika mji wa Edinburgh, na kazi hiyo ndiyo aliyoishika. Mwaka 1867 alivuka bahari akahamia Ayalandi. Kwanza alifanya kazi na nduguye katika mji wa Downpatrick, kisha akaenda Belfast, mji mkubwa wa viwanda na wa bandari. Siku zile magari yote ya mjini yalivutwa na farasi, kwa hiyo mganga wa farasi hakukosa kazi. Dunlop akajulikana kuwa mtu mpole na mwangalifu, na watu wengi wakamletea wanyama wao. Hakuna aliyedhani kwamba jina lake litaenea duniani kwa sababu ya magurudumu.

Nyakati hizo baisikeli zilikuwapo, lakini kuzipanda kulikuwa taabu. Magurudumu yake yalivishwa chuma, au mpira mgumu usio na uwazi ndani. Gurudumu gumu likigonga jiwe halina la kufanya ila kupanda juu yake, na likipanda huinua baisikeli nzima pamoja na mtu aliye juu. Kisha huanguka tena kwa kishindo. Fikirini jambo hilo likitendeka mara mia katika mwendo wa nusu saa! Mifupa yote hutikisika, na nguvu za miguu hupotea bure.

Dunlop alikuwa na mtoto mwanamume, naye alikuwa na kibaisikeli cha magurudumu matatu. Mtoto huyo alipata taabu kukiendesha, maana njia za Belfast zilitandikwa mawe. Mwaka 1887 baba yake akaanza kufikiri jinsi ya kumpunguzia taabu hiyo. Akatwaa duara la ubao, akafanya mrija wa mpira mwembamba, akauzungusha katika ukingo wa duara lile na kuufunika kwa kitambaa kilichopigiliwa misumari. Kisha akaujaza upepo kwa bomba la kujazia mpira wa kuchezea.

Mambo yote mapya hutaka kupimwa. Basi Dunlop akatwaa gurudumu moja la kibaisikeli cha mwanawe, akalisukuma uani. Likaenda kidogo, likayumba, likaanguka. Akalisukuma na lile duara lake lenye upepo. Likapita pale lilipoanguka la kwanza, likaendelea mpaka mwisho wa ua, likagonga nguzo ya lango na kurudi nyuma. Hapo akajua kwamba amepata kitu. Mwezi wa Februari 1888 mtoto alikipanda kibaisikeli chake kikiwa kimevikwa mipira ya upepo, na mwaka huo huo serikali ikampa baba hati ya kulinda uvumbuzi wake, ili mtu mwingine asiuige pasipo ruhusa.

Watu walipouona mpira huo mnene waliucheka. Lakini tarehe 18 Mei 1889 palikuwa na mashindano ya baisikeli mjini Belfast, na kijana mmoja, Willie Hume, akaingia na baisikeli yenye mipira ya Dunlop. Hume hakuwa bingwa wa waendeshaji wote, lakini siku ile aliwaacha nyuma watu waliokuwa na sifa kumpita. Kicheko kikakoma. Tajiri mmoja wa Dublin, jina lake Harvey du Cros, aliyekuwa na wana hodari wa mbio za baisikeli, akaona faida iliyomo. Mwaka 1889 ikaundwa kampuni ya kutengeneza mipira hiyo, na Dunlop akaiachia hati yake akapewa hisa.

Kisha likaja pigo. Mwaka 1890 ilijulikana kwamba gurudumu la upepo lilikwisha kuvumbuliwa zamani. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alipewa hati ya jambo hilo hilo mwaka 1845, naye alikuwa kijana wa miaka 23 tu. Aliyavika magari ya farasi mipira yake, nayo yakaenda vizuri. Lakini baisikeli kama za siku za Dunlop hazikuwapo bado, mipira ilikuwa ghali, na watu wakamsahau. Thomson alifariki mwaka 1873, kabla kazi yake haijapata heshima. Kwa hiyo hati ya Dunlop ikatanguka.

Kampuni haikuanguka, kwa kuwa ilikuwa na hati za mafundi wengine. Mmoja wao, Charles Kingston Welch, mwaka 1890 alitia waya katika kingo za mpira wa nje, ili uweze kushika katika rimu na kutolewa tena. Hata leo fundi wa Tabora anapong'oa tairi ili abandike kiraka katika mpira wa ndani uliochomwa na mbigili, anafaidi kazi ya Welch. Dunlop mwenyewe aliondoka katika kampuni mwaka 1895. Mwaka 1896 kampuni ikauzwa kwa pauni milioni 3, lakini utajiri mkubwa haukuwa wake. Akaishi Dublin mpaka alipofariki tarehe 23 Oktoba 1921, mwenye umri wa miaka 81. Jina lake likabaki limeandikwa katika mipira ambayo wengine waliiuza.

Wema wa jambo hili ulichanganyika na ubaya. Dunia ilipotamani mipira, wafanya biashara walitafuta utomvu wake kila msitu. Katika Kongo, ng'ambo ya ziwa la Tanganyika, nchi iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji tangu 1885 hata 1908, watu walilazimishwa kuutafuta mwituni. Waliopungukiwa walipigwa, wengine walikatwa mikono au kuuawa. Dunlop hakuagiza maovu hayo. Walakini yafaa mtu anayepanda baisikeli akumbuke kwamba raha ya wengine ililipiwa kwa machozi ya wengine.

Tuitazame sasa njia yetu ya zamani, itokayo Bagamoyo, ipitayo Tabora na kuishia Ujiji. Kwa miaka mingi wapagazi wa Kinyamwezi waliipita kwa miguu, kila mmoja na mzigo wake wa pembe au nguo, wakifuatana mmoja nyuma ya mwenzake. Kwa hiyo njia zao zilikuwa nyembamba, upana wa nyayo tu. Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ikaisha. Lakini reli haifiki kila kijiji. Baisikeli hufika, maana gurudumu moja hufuata la pili katika njia ile ile nyembamba, na upepo ulio ndani humeza mizizi na mawe. Mzigo uliolemea bega la mpagazi huchukuliwa na pumzi iliyofungwa katika mpira.

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mganga yule mwenye heshima aliinama chini, akatengeneza gurudumu la mtoto, wala hakuona haya kuhangaika na kitu kidogo. Ninyi nanyi, mkiona taabu ya mtu aliye karibu nanyi, msiidharau kwa kuwa ni ndogo. Jaribuni kuiondoa kwa mikono yenu, mpime kazi yenu kama Dunlop alivyoipima uani kwake, na mkumbuke kumheshimu aliyetangulia.