Li Shizhen, mganga wa China aliyefariki kabla kitabu chake hakijasomwa

Alitumia miaka 27 kuandika kitabu cha dawa 1,892, lakini Li Shizhen alifariki mwaka 1593 kabla ya kazi hiyo kuwafikia wasomaji. Leo hii Bencao Gangmu ndicho kitabu cha zamani kinachojulikana zaidi katika dawa za asili za China.

Li alizaliwa mwaka 1518 Qizhou, jimboni Hubei, karibu na mto Yangtze. Babu yake alikuwa mganga wa kuzunguka vijijini, na baba yake pia alitibu watu. Wakati huo kazi hiyo haikuwa na heshima kubwa, ndiyo maana baba alitaka mwanawe awe mkubwa serikalini. Kijana alifaulu mtihani wa kwanza akiwa na miaka 14, kisha akashindwa ule wa jimbo mara tatu. Hapo akaachana na mitihani, akajifunza kutibu kwa baba yake.

Sifa zake zilienea hadi kwa watu wa ukoo wa kifalme, na baadaye akafanya kazi kwa muda mfupi katika ofisi ya waganga wa mfalme, Beijing. Lakini makosa yaliyokuwa ndani ya vitabu vya dawa yalimsumbua. Mimea miwili tofauti ilipewa jina moja, na mmea mmoja ukaandikwa kama miwili. Vingine vilidai kwamba kunywa zebaki kunarefusha maisha, wakati wengi walikufa kwa kuinywa. Mganga akifuata kitabu chenye kosa, anayezikwa ni mgonjwa.

Mwaka 1552 alianza kusahihisha. Alisoma vitabu zaidi ya 800, akauliza wakulima, wavuvi, wawindaji na wakata kuni. Dawa nyingine alizijaribu kwa mwili wake mwenyewe. Alimpasua hata kakakuona ili aone anakula nini, akakuta tumbo limejaa sisimizi. Aliandika upya mara tatu, akamaliza mwaka 1578 akiwa na miaka 60. Dawa 374 hazikuwemo katika vitabu vya zamani vya aina hiyo.

Kumpata mchapishaji kukawa shida nyingine. Alisafiri, akamwomba mwandishi maarufu Wang Shizhen amwandikie utangulizi, akaungoja miaka kumi. Mwishowe mchapishaji wa Nanjing akakubali, lakini Li alikuwa amezeeka. Mwaka 1596 mtoto wake alikipeleka kitabu kwa mfalme Wanli, ambaye alikipokea na kukiweka kando. Waganga ndio waliokieneza, na kufikia mwaka 1607 kilikuwa kimefika Japani.

Mashariki mwa Congo pia kuna alama za kazi hiyo. Li aliandika kuhusu qinghao, mmea wa kutibu homa na baridi ya malaria. Katika miaka ya 1970, watafiti wa China wakiongozwa na Tu Youyou, waliochunguza vitabu vingi vya zamani, walitoa artemisinini katika mmea huo. Dawa zenye artemisinini ndizo zinazotolewa leo kwa wagonjwa wa malaria katika vituo vya afya vya Congo, na Tu alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Lakini kitabu hicho hicho kilitaja pia magamba ya kakakuona kuwa dawa. Magamba hayo ni kitu kimoja na kucha za mtu, na hakuna uthibitisho kwamba yanaponya. Hata hivyo, soko lake barani Asia limefanya kakakuona wa misitu ya Congo wawindwe na kusafirishwa kwa magendo, ingawa biashara hiyo ilipigwa marufuku duniani mwaka 2017. China yenyewe iliyaondoa katika kitabu chake rasmi cha dawa mwaka 2020.

Li alitumia maisha yake kusahihisha vitabu vya waliomtangulia. Chake nacho bado kinasahihishwa.