Argwings-Kodhek: Wakili wa kwanza Mwafrika aliyekataa mshahara wa kubaguliwa

KILA asubuhi, vijana waliopanga vyumba Tuala, Kitengela na vitongoji vingine vya Kaunti ya Kajiado huabiri matatu kuelekea Nairobi kusaka elimu na riziki. Miongoni mwao wamo wanaosomea sheria. Njia iliyo mbele yao inajulikana: shahada ya miaka minne, mafunzo katika Chuo cha Uanasheria cha Kenya kilichoko Karen, miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu, mitihani, na hatimaye kiapo mbele ya Jaji Mkuu.

Ni njia ndefu na yenye gharama, lakini ipo. Zaidi ya miaka 70 iliyopita, kijana Mwafrika wa Kenya hakuwa na njia kama hiyo. Hapakuwa na chuo cha sheria nchini, wala wakili mweusi wa kumpokea kama mwanagenzi. Aliyetangulia kupita palipokuwa pori ni marehemu Argwings-Kodhek, mzaliwa wa Gem katika eneo la Nyanza, ambaye leo wengi wanamfahamu kwa jina la barabara tu.

Ili kuelewa uzito wa alichokifanya, inafaa kuanzia papa hapa Kajiado. Mwaka wa 1904 Wamaasai walitia saini mkataba na Waingereza, wakaahidiwa kwamba sehemu ya malisho yao ya Laikipia ingebaki mikononi mwao. Mwaka wa 1911 mkataba wa pili ukawang'oa huko, wakahamishiwa kusini, katika eneo ambalo sasa ni kaunti za Kajiado na Narok. Ole Gilisho na wenzake waliopinga hatua hiyo hawakushika mikuki, bali walikwenda mahakamani.

Kesi hiyo ya 1913 ilitupwa bila majaji kupima kama Wamaasai walidhulumiwa au la. Mahakama ilisema mikataba hiyo ni mambo ya dola na dola, hivyo haikuwa na mamlaka ya kuyaamua. Walalamishi walimtegemea wakili Mzungu kuwasemea, kwa kuwa hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyeruhusiwa kusimama mbele ya jaji akiwa wakili. Wamaasai wakapoteza ardhi, na funzo likabaki: asiye na mtu wake mahakamani husikia hukumu yake kupitia kinywa cha mgeni.

Miaka 10 baada ya kesi hiyo, mwaka wa 1923, ndipo Argwings-Kodhek alipozaliwa. Alibatizwa Clement Michael George, majina ambayo baadaye aliyabadilisha akajiita Chiedo Mor Gem, akibakiza herufi zilezile tatu za mwanzo, C.M.G. Alipata elimu ya misheni, akaendelea hadi Makerere nchini Uganda, chuo kilichokuwa kilele cha elimu kwa Waafrika wa eneo hili, na akawa mwalimu.

Wakati huo ualimu ulikuwa kazi ya heshima, na ndiyo kazi ambayo serikali ya kikoloni ilipenda Waafrika waifanye. Mwafrika alihitajika awe mwalimu, karani, mganga msaidizi au afisa wa kilimo. Hakuhitajika kuwa mwanasheria, kwani anayeisoma sheria huanza kuuliza ni nani aliyeitunga na ilitungwa kwa faida ya nani.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alipata ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza, akajiunga na chuo kikuu huko Cardiff, Wales. Masomo ambayo serikali ilimtarajia ayafanye hayakuwa ya sheria. Hata hivyo, aliielekea sheria, akajiandikisha katika mojawapo ya nyumba nne za kale za mawakili jijini London. Huko mwanafunzi hakutakiwa kupita mitihani tu, bali pia kuhudhuria idadi maalumu ya karamu za jioni katika ukumbi wa nyumba yake, ameketi bega kwa bega na mawakili na majaji wa kesho. Kijana wa Gem aliyekula meza moja na Waingereza hao alijua fika kwamba kule nyumbani kulikuwa na hoteli ambamo asingeruhusiwa kuingia mlangoni.

Alihitimu na kurejea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa Mwafrika wa kwanza nchini kuwa wakili. Alirudi pia akiwa na mke, Mavis Tate, mwanamke mwenye asili ya Ireland. Nairobi ya siku hizo iligawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa upande wa juu wenye miti na upepo mwanana, Wahindi walikuwa na mitaa yao, nao Waafrika wakasongamana upande wa mashariki katika mitaa kama Pumwani na Kaloleni. Kwa mume mweusi na mke mweupe, hata swali dogo la mahali pa kulala lilikuwa mzozo na serikali.

Kisha ukaja mtihani ambao hakuna chuo kinachoutahini. Wakili huyo mpya alipewa nafasi katika afisi ya Mwanasheria Mkuu, lakini kwa mshahara ambao ulikuwa sehemu tu ya ule wa Mzungu mwenye sifa sawa na zake. Hilo halikuwa kosa la karani. Ulikuwa utaratibu wa utumishi wa serikali wakati huo kwamba Mwafrika anayefanya kazi ya daraja moja na Mzungu alipwe tatu kwa tano ya mapato ya mwenzake.

Mtu mwingine angeipokea kazi hiyo bila kulaumiwa. Mshahara huo, hata ukiwa umepunguzwa, ulikuwa mkubwa mno kwa Mwafrika wa wakati huo. Ungempa uzoefu, usalama na urafiki na wakubwa. Argwings-Kodhek aliukataa, akaamua kufungua afisi yake mwenyewe.

Uamuzi huo ndio uliokuwa mwanzo halisi wa kazi yake, kuliko cheti alichokitoa London. Angeingia serikalini, angekuwa upande wa mashtaka katika kipindi ambacho serikali ilikuwa karibu kuanza kuwanyonga watu wake. Oktoba 20, 1952, Gavana alitangaza hali ya hatari kufuatia vita vya Mau Mau. Kanuni zilizofuata zilifanya makosa mengi yawe ya kifo: kulisha watu kiapo, kupatikana na bunduki au hata risasi, na kushirikiana na waliojihami. Mahakama maalumu zilibuniwa ili kesi ziende mbio. Kufikia mwisho wa kipindi hicho, zaidi ya Waafrika 1,000 walikuwa wamenyongwa.

Hao ndio waliokuwa wateja wake. Aliwatetea washukiwa wa Mau Mau wakati ambapo kuwasemea tu kulitosha kumtia mtu shakani, na baadhi yao wakaepuka kitanzi kwa juhudi zake. Wakili katika kesi kama hizo hakuwa na miujiza. Alichokuwa nacho ni maswali: shahidi alimwona mshtakiwa kwa mwanga gani, risasi ilipatikana mfukoni au iliwekwa, maungamo yalitolewa kwa hiari au kwa kipigo. Kwa mshtakiwa asiyejua Kiingereza, kuwa na wakili Mwafrika aliyeyajua maisha ya Waafrika chini ya mkoloni kulikuwa jambo geni. Walowezi, kwa upande wao, walimbandika jina la wakili wa Mau Mau wakidhani wanamtukana.

Kutoka mahakamani hadi kwenye siasa hapakuwa mbali. Chama cha Kenya African Union kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka wa 1953. Serikali ilipolegeza kamba mwaka wa 1955, iliruhusu vyama vya wilaya pekee. Argwings-Kodhek alijaribu kusajili chama chenye sura ya kitaifa, akakataliwa. Ilimbidi akubali jina la Nairobi District African Congress, chama kilichosajiliwa mwaka wa 1956.

Hata hivyo, ufasaha wa mahakamani haukumtosha katika uwanja wa kura. Katika uchaguzi wa Machi 1957, ambapo Waafrika walichagua wawakilishi wao wanane katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, alishindwa Nairobi na Tom Mboya kwa kura chache. Mboya alikuwa na jeshi la vyama vya wafanyakazi lililojua kupanga watu.

Uhuru ulipofika mwaka wa 1963, alikuwa Mbunge wa Gem. Mwaka wa 1966 Jaramogi Oginga Odinga alipojiondoa KANU na kuongoza chama cha KPU, Argwings-Kodhek alisalia KANU na serikalini, na hatimaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Kwa wengi wa Nyanza, hatua hiyo ilikuwa chungu kumeza. Mtu aliyeikataa kazi ya serikali ya mkoloni sasa alikuwa nguzo ya serikali iliyokuwa ikiwabana wapinzani wake. Wanaomsifu hawana budi kuikubali sehemu hiyo pia ya maisha yake.

Alifariki Januari 29, 1969, jijini Nairobi, akiwa na umri wa takriban miaka 45. Taarifa rasmi ilisema ni ajali ya gari, ingawa minong'ono ya kutoridhika na maelezo hayo haijawahi kukoma. Katika uchaguzi mdogo uliofuata, wapigakura wa Gem walimchagua mgombea wa KPU. Miezi michache baadaye, Julai 5, Mboya naye aliuawa kwa risasi katikati ya jiji.

Barabara inayobeba jina lake inapita Hurlingham, katika ule upande wa juu wa Nairobi uliotengewa Wazungu alipokuwa akianza uwakili. Kando yake iko hospitali iliyofunguliwa mwaka wa 1954 kwa ajili ya Wazungu, mwaka ambao yeye alikuwa mahakamani akiwatetea waliokabiliwa na kitanzi. Leo wanapita hapo watu wa kila rangi bila kuulizwa kibali.

Mambo mengi yamebadilika. Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka wa 1961, na baadaye Nairobi ikapata chake. Mawakili nchini sasa ni maelfu, na wapya wanalalamika kwamba afisi hazipatikani na malipo ya mwanzo ni haba. Malalamiko yao ni ya haki.

Lakini haja ya wakili haijapungua. Mashamba ya pamoja ya Wamaasai yaligawanywa, vipande vikauzwa, na mizozo ya hatimiliki ni chakula cha kila siku katika mahakama za Kajiado. Kila anayekula kiapo cha uwakili kutoka Tuala au Kitengela atakutana, mapema au baadaye, na swali lililomkabili Argwings-Kodhek kabla hajapata mteja hata mmoja: kati ya mwenye kulipa vizuri na asiye na wa kumsemea, atasimama na nani? Yeye alilijibu mwanzoni kabisa mwa kazi yake, na kwa baadhi ya washtakiwa wa miaka ile, jibu hilo ndilo lililowarudisha nyumbani wakiwa hai.