Daktari Robert Koch na Utelezi wa Mchanga

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Alisomea udaktari, akawa tabibu wa wilaya, na kwa hadubini aliyoiweka nyumbani akaanza kuchungua vijidudu vya kimeta. Kazi yake kubwa ilikuwa kutenga: alitaka kila aina ya kijidudu iote peke yake. Hivyo ndivyo alivyokipata kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, na miaka miwili baadaye, huko Calcutta, kile cha kipindupindu.

Wengi wanaosimulia habari zake huishia hapo. Kwangu mimi, jambo la Hamburg si dogo kuliko hayo.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji wa Altona ulikuwa umeungana nao, nyumba kwa nyumba. Miji yote miwili ilikunywa maji ya mto Elbe, tena Altona ilichota upande wa chini, baada ya mto kupokea uchafu wa Hamburg. Hata hivyo Altona walikufa wachache sana. Mtaa wa mpakani ulikuwa mmoja, lakini upande huu walizika wafu, na upande wa pili walikuwa salama. Altona waliyachuja maji yao katika mabwawa ya mchanga. Hamburg waliyanywa bila kuyachuja.

Basi Koch akauchunguza mchanga wenyewe. Mwaka 1893 alieleza kwamba kinachozuia vijidudu hasa ni ule utelezi unaojitanda juu ya mchanga baada ya siku kadhaa. Mafundi wakiukwangua ili maji yapite upesi, vijidudu navyo hupita. Kwa hiyo maji ya kwanza yamwagwe mpaka utando uote tena, na maji yasishuke zaidi ya milimita 100 kwa saa. Leo twajua kuwa utando huo umejaa vijidudu hai, vimeshikamana kwa ute wao wenyewe. Ajabu yake, aliyefundisha ulimwengu kutenga kijidudu kimoja kimoja ndiye aliyeonyesha faida ya vijidudu vikikaa pamoja!

Lakini utando huo una ubaya wake pia. Sisi wa Chang'ombe twaujua: ndio ule utelezi unaogusika ndani ya pipa la maji lisilosuguliwa. Vijidudu vya maradhi huweza kujificha humo, na klorini haivifikii kwa urahisi. Ndiyo maana siku hizi madaktari, wahandisi wa maji na wanakemia huuchunguza kwa pamoja, hawa wakitaka kuung'oa katika mabomba na vifaa vya hospitali, wale wakitaka kuufuga katika machujio.

Koch alifika kwetu pia. Mwaka 1897, wakati wa Wadachi, alikuja Dar es Salaam kuchunguza malaria. Alirudi mwaka 1905, akaonyesha kwamba vijidudu vya homa ya papasi hupita mpaka katika mayai ya papasi. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel. Kisha, 1906 hadi 1907, aliwatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Uganda, kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Baadhi yao walipofuka. Sifa zake nyingine zisitufanye turuke habari hiyo.

Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Hamburg walikuwa wakinywa maji yaliyochujwa kwa mchanga tangu mwaka 1893.