Jon Postel: Jamaa wa ndevu na makubadhi aliyeigawa kazi ya intaneti

Ukipiga simu kwa WhatsApp, sauti ikakatika kidogo kisha ikaendelea, jua kuna mabishano ya mwaka 1977 nyuma yake. Katikati yake alikuwepo Mmarekani mwenye ndevu ndefu, mpenda makubadhi: Jon Postel.

Alizaliwa Agosti 6, 1943 huko California. Akiwa mwanafunzi wa UCLA, Los Angeles, alikuwemo kwenye kundi lililoanzisha mtandao wa ARPANET mwaka 1969, mama wa intaneti ya leo.

Kufikia 1977 wataalamu walikuwa wanaunda TCP, itifaki ya kuunganisha mitandao tofauti. Itifaki ni kanuni ambazo kompyuta hufuata ili zielewane. Shida ni kwamba TCP ilijibebesha kila kitu: isafirishe data, na hapohapo ihakikishe hakuna kilichopotea.

Agosti mwaka huo Postel aliandika waraka akisema, bila kuzunguka, kuwa wanaharibu. Alitaka kazi zigawanywe kwa matabaka. Tabaka la chini lifikishe pakiti za data kwenye anwani, basi. La juu yake lizihesabu, lizipange na kudai iliyopotea itumwe tena. Ni kama mzigo uliotumwa kwa basi: dereva anaufikisha mkoani, lakini kuhesabu kama maboksi yote matano yapo ni kazi ya anayepokea.

Mwenzake Danny Cohen, aliyeshughulika na sauti, naye alitaka hivyo. Kwenye maongezi, neno lililochelewa halina kazi tena. Bora lipotee, stori iendelee.

Mwaka 1978 TCP ikagawanywa: IP ya kusafirisha, TCP ya kuhakiki. Mwaka 1980 Postel akaandika UDP, kanuni za wanaotaka kasi bila uhakiki. Kurasa tatu tu! Simu nyingi za intaneti hupita humo hadi leo. Januari 1, 1983 ARPANET nzima ikahamia TCP/IP. Na kwa kuwa kila tabaka linajitegemea, WiFi na 4G zilipokuja baadaye, barua pepe haikuhitaji kuandikwa upya.

Postel pia alitunza orodha za namba na majina ya mtandao kwa miaka mingi. Vikoa vya nchi, kama .tz na .ke, vilipitia kwake. Alitumia orodha ya kimataifa iliyokuwepo tayari, ili asiwe yeye wa kuamua ipi ni nchi na ipi siyo. Akili hiyo.

Lakini Januari 1998 aliwaomba waendeshaji wanane wa seva kuu za majina wafuate kompyuta yake badala ya ile iliyokuwa ikitumika kwa mkataba wa serikali ya Marekani. Walikubali. Washington ikaja juu, naye akarudisha kila kitu, akisema lilikuwa jaribio.

Oktoba 16 mwaka huohuo alifariki Los Angeles baada ya upasuaji wa moyo, akiwa na miaka 55. Orodha zake zilihamia ICANN, taasisi iliyokuwa imesajiliwa wiki chache tu kabla.