Maisha ya Carscallen wa Gendia

Katika toleo hili nimeonelea niwaletee maisha ya mtu ambaye wazee wa Kendu Bay na Rongo humtaja sana, lakini sisi vijana tunamjua nusu nusu tu. Huyu ni Arthur Asa Grandville Carscallen, mmisionari wa Kiadventista aliyefungua vituo na shule katika sehemu ambazo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori.

Sababu ya kumchagua ni hii. Siku hizi vyuo vinachipuka kwetu kama uyoga. Rongo kuna chuo kikuu, Homa Bay mjini kuna Chuo Kikuu cha Tom Mboya, na vyuo vya utabibu na vya ufundi navyo vipo. Binamu yangu yuko katika kundi la wanafunzi Wakristo ambao huzunguka kwenye vyuo vipya kuona kama wanaweza kuanzisha ushirika huko. Likizo iliyopita walipita kwetu wakala ugali, na baada ya kula wakaanza kubishana. Mmoja alisema kwanza watafute ukumbi, mwingine akasema hapana, kwanza vipaza sauti. Mimi nilikaa kimya nikimfikiria Carscallen. Yeye alikuja mahali pageni kabisa, na hakuwa na ukumbi wala kipaza sauti.

Carscallen alizaliwa Kanada katika karne ya 19. Alipokuwa kijana alivuka bahari akaenda Uingereza, akasomea kazi ya umisionari katika chuo cha kanisa lake. Humo chuoni alikuwamo pia Mwafrika mmoja kutoka Nyasaland, nchi tunayoiita Malawi leo. Jina lake Peter Nyambo. Mwaka wa 1906 hao wawili walitumwa pamoja Afrika Mashariki. Watu wengi wakisimulia habari hii humtaja mzungu peke yake, lakini ukweli ni kwamba walikuja wawili, na mmoja wao alikuwa mweusi kama sisi.

Walishuka Mombasa, wakapanda gari la moshi hadi Kisumu, kwa maana reli ilikuwa imefika huko miaka mitano tu kabla. Kutoka Kisumu walivuka ghuba kwa chombo wakafika Kendu Bay mwezi wa Novemba. Hawakujenga papo hapo ufukoni. Walitembea kuangalia nchi mpaka wakachagua kilima cha Gendia, si mbali na ziwa. Mwaka uliofuata mchumba wake, Helen, alikuja kutoka Uingereza wakaoana.

Sasa jamani, hebu jiwekeni mahali pake. Umefika kwa watu, husikii hata neno moja wanalosema. Ukitaka maji huwezi kuomba. Ukihubiri, utamhubiria nani? Carscallen aliamua kuwa mwanafunzi kabla ya kuwa mwalimu. Alijifunza Dholuo kwa kuwasikiliza wenyeji, akaandika neno moja moja, haba na haba. Mwaka wa 1910 kazi hiyo ilitoa kitabu cha sarufi ya Dholuo, chenye misemo ya kila siku, orodha ya maneno, na mazoezi pamoja na majibu yake. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuiandika lugha hiyo. Kitabu hicho kilitumika miaka mingi, na mwaka wa 1936 kilichapishwa tena kwa jina jingine. Pia alikusanya kamusi kubwa, ambayo imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha London.

Hapa nina neno la kusema. Ndani ya kitabu kile Waluo wanaitwa Wakavirondo, jina ambalo wageni waliwabandika. Tena majina ya wale wazee na vijana waliokaa na Carscallen wakimfundisha jinsi ya kutamka hayako katika jalada. Mimi nawahesabu kuwa walimu wake. Bila wao hakungekuwa na kitabu.

Baada ya lugha kushika, mambo mengine yalikwenda mbio. Mwaka wa 1911 waumini wa kwanza walibatizwa. Mwaka wa 1913 alileta mtambo mdogo wa kupigia chapa akauweka Gendia, na vitabu vya kusomea vikaanza kutoka hapo hapo kilimani. Sehemu za Agano Jipya zilitafsiriwa kwa Dholuo. Huku nyuma alikuwa akifungua vituo vingine: Wire, kisiwa cha Rusinga, Kanyadoto, Karungu, Nyanchwa kule Kisii, na Kamagambo karibu na Rongo. Wakati huo huo wamisionari wa Maseno, ng'ambo ya ghuba, nao walikuwa wakifundisha.

Si kwamba yote yalikuwa mteremko. Mwaka wa 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza, na Wajerumani wakaingia kutoka upande wa Tanganyika mpaka Karungu na Kisii. Kazi ya misheni ilivurugika. Hata hivyo Carscallen hakukata tamaa. Alibaki katika kazi hadi mwaka wa 1921, yaani kama miaka 14 au 15 hivi tangu afike.

Alipoondoka, aliyoanzisha hayakuondoka naye. Kamagambo ilikuja kuwa mahali pa kufunzia walimu. Katika misheni hiyo hiyo ya Waadventista alilelewa Paul Mboya (si Tom Mboya, msiwachanganye), ambaye alikuwa mchungaji, halafu chifu wa Karachuonyo. Mwaka wa 1938 Paul Mboya alitoa kitabu kuhusu mila na desturi za Waluo, kwa Dholuo chenyewe. Kumbe lugha iliyoandikwa na mgeni sasa iliandikwa na mwenyewe, tena kwa jina lake la kweli!

Jambo hili linanigusa sana. Katika shule ya msingi niliyosoma, ukisikika ukiongea lugha ya mama unavishwa kibao shingoni, unashinda nacho mpaka umkamate mwenzako. Nilikivaa mara nyingi, na nilikuwa naona haya kana kwamba nimeiba. Niliposoma habari za Gendia nilishangaa. Lugha ile niliyofungiwa kibao ndiyo iliyofungua mlango wa shule za kwanza pande hizi. Waliojifunza kusoma mbele ya nyanya zetu walianza nayo.

Kwa hivyo wale wanaozunguka vyuoni nawaambia hivi: ukumbi mtapata, vipaza sauti mtaazima. Lakini chuo kipya kina watu wa kila namna. Yuko Mluo, Mkuria, Mkisii, Msuba, hata aliyetoka Mombasa. Kaeni nao kwanza, mjue wanasemaje, wanacheka nini na wanalia nini. Mkifika na maneno yenu tayari mfukoni, mtakuwa mnajihubiria wenyewe.

Nasi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuna furaha yetu katika hadithi hii. Mluo akitaka kusema kusoma husema somo, na kitabu hukiita kitabu. Maneno hayo yametoka kwa Kiswahili yakaingia Dholuo bila kumfukuza mtu. Lugha moja haiui nyingine ila watu wakitaka. Basi tuzisome zote, tuziandike zote, na anayejua mzee wa Gendia au Kamagambo mwenye kumbukumbu za zamani amwendee na daftari mapema, kabla jua halijatua.