Roosevelt na bwawa la Warm Springs

Kila tunapotangaza siku za matone ya polio, hutufikia ujumbe wa msikilizaji mmoja au wawili wenye swali ambalo kampeni hizo haziligusi sana: na yule ambaye ugonjwa ulishampitia, akabaki na mguu usio na nguvu, anasaidiwaje? Leo tunalijibu kupitia maisha ya Franklin Delano Roosevelt, rais wa 32 wa Marekani. Wengi wetu tulimsoma shuleni kwenye mada ya mdororo wa uchumi na Vita vya Pili vya Dunia. Miguu yake haikutajwa.

Alizaliwa Januari 30, 1882, huko Hyde Park, jimbo la New York, katika familia yenye mali. Agosti 1921, akiwa na umri wa miaka 39, alikuwa mapumzikoni na familia yake kwenye kisiwa cha Campobello, Canada. Jioni moja, baada ya kuogelea kwenye maji baridi, alihisi kutetemeka akaenda kulala mapema. Siku chache baadaye hakuweza kusimama. Daktari wa kwanza alidhani ni mafua. Wa pili alisema damu imeganda, akaagiza miguu ikandwe, na mkewe Eleanor akaikanda kwa siku kadhaa, jambo ambalo kwa misuli iliyo katika hali ile lilikuwa na madhara. Mwishoni mwa mwezi ndipo Dakt. Robert Lovett alipotamka kwamba ni polio. (Baadhi ya watafiti wamedai miaka ya karibuni kwamba huenda ulikuwa ugonjwa mwingine. Yeye aliishi na kufanya kazi kama mgonjwa wa polio.)

Mama yake, Sara, alitaka arudi Hyde Park akae kwa utulivu. Eleanor na mshauri wake Louis Howe walitaka arudi kwenye siasa. Yeye alitaka kutembea.

Mwaka 1924 alifika Warm Springs, Georgia, penye hoteli chakavu na bwawa la maji ya chemchemi yenye joto la nyuzi 31 hivi. Tuseme wazi: maji yale hayaponyi polio. Lakini yalibeba uzito wa mwili, hivyo misuli dhaifu ikaweza kufanya mazoezi bila kuchoka haraka. Gazeti likaandika habari zake, na muda si mrefu wagonjwa wengine wakaanza kuwasili kwa treni bila taarifa. Wageni wa hoteli waliogopa kuambukizwa, wakakataa kula na kuoga pamoja nao. Ikabidi wagonjwa watengewe chumba cha kulia na bwawa lao.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo alipokuwa mtu mwingine. Badala ya kuondoka, aliingia majini na kuwafundisha mazoezi yeye mwenyewe. Mwaka 1926 alinunua eneo lote kwa takriban dola 200,000, karibu theluthi mbili ya mali yake, na mwaka uliofuata akalifanya kuwa taasisi ya hisani. Watu walipata wataalamu wa mazoezi ya viungo, walitengenezewa vyuma vya miguuni, na walijifunza kutembea kwa magongo na kupanda ngazi. Jioni walicheza karata na kuchumbiana. Hakuna aliyewakodolea macho, na tukiwasikiliza wasikilizaji wetu wenye ulemavu, hilo si jambo dogo.

Si wote waliopokelewa. Wagonjwa weusi hawakuruhusiwa kutibiwa Warm Springs, ingawa weusi walifanya kazi za utumishi papo hapo. Kituo kwa ajili yao kilifunguliwa Tuskegee, Alabama, mwaka 1941 tu, kwa fedha za mfuko ambao Roosevelt mwenyewe aliuanzisha.

Mfuko huo ulizaliwa Januari 1938, akiwa tayari Ikulu. Wananchi waliombwa watume senti 10 kila mmoja, na barua zikamiminika hadi kuwalemea makarani: sarafu zipatazo 2,680,000. Fedha za mfuko zililipia hospitali, vyuma na mashine za kupumulia kwa familia zisizo na uwezo, na baadaye utafiti wa chanjo.

Wakati huohuo rais alijitahidi asionekane kwenye kiti cha magurudumu, na wapiga picha kwa kawaida walimheshimu. Machi 1, 1945, kwa mara ya kwanza, alilihutubia Bunge akiwa ameketi, akaomba radhi na kutaja uzito wa vyuma alivyovaa.

Alifariki Aprili 12, 1945, akiwa Warm Springs. Mwaka 1946 sura yake iliwekwa kwenye sarafu ya senti 10. Na Aprili 12, 1955, miaka kumi kamili tangu kifo chake, ilitangazwa kwamba chanjo ya Dakt. Jonas Salk, iliyogharamiwa na mfuko uleule, ni salama na inazuia polio.